Kabla Ziwa Halijaganda: Namna ya Kuyatoa Maji Botini

Septemba ikielekea ukingoni, wenye boti wa Minnesota, Michigan na Ontario huanza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kila jioni. Wanausubiri usiku mmoja tu: ule ambao kipimajoto kitashuka chini ya sifuri na kukaa huko hadi alfajiri. Boti itakayokutwa na usiku huo ikiwa na maji ndani ya mabomba yake inaweza kuonekana nzima msimu wote wa baridi, ikafunikwa turubai, ikaegeshwa uani, halafu ikaanza kuvuja kila pembe siku ya kwanza ya kurudishwa ziwani.

Sisi tuliolelewa kando ya Bahari ya Hindi, au ya maziwa ya Victoria na Tanganyika, hatukufundishwa tahadhari hii. Maadui wa chombo huko kwetu wanajulikana: jua, chumvi, na wadudu watoboao mbao. Tiba yao nayo inajulikana: chombo hupandishwa pwani, hukalafatiwa, kikapakwa shahamu na chokaa. Barafu haimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana Mswahili aliyehamia Minneapolis, Toronto au Stockholm, akajikusanyia fedha akanunua boti ya mtumba yenye chumba kidogo, jiko na choo, anaweza kuamini kwamba akishaitoa majini na kuifunika amemaliza kazi. Turubai huzuia theluji isiingie. Maji yaliyomo ndani ya pampu hayajui kama kuna turubai.

Kanuni ya kushika ni moja, na mengine yote katika makala haya yanatoka humo: kinachovunja boti ni maji uliyoyaacha ndani. Kila sehemu ya boti inayopita maji lazima uiache katika mojawapo ya hali mbili, ama tupu kabisa, ama imejaa dawa isiyopasua. Hali ya tatu, ile ya "maji kidogo tu yamebaki", ndiyo inayowatajirisha mafundi.

Bomba hupasuka vipi

Vimiminika vingi husinyaa vinapoganda. Maji hufanya kinyume. Yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo lita kumi za maji huwa karibu lita kumi na moja za barafu. Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza ameshaiona nguvu hiyo. Maji yaliyobanwa pasipo na nafasi ya kutanukia, halijoto ikifika −10 za Selsiasi, yanaweza kusukuma kwa presha inayokaribia mara elfu moja ya presha ya hewa ya kawaida. Hakuna shaba, plastiki wala chuma cha kumimina kilichomo botini kilichotengenezwa kustahimili hali hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo. Barafu hujenga kizibo mahali penye baridi zaidi, tuseme karibu na ubavu wa boti, kisha kizibo hicho kinapokua huyasukuma maji yaliyo mbele yake. Ikiwa mbele kuna koki iliyofungwa, maji hayo hayana pa kwenda. Presha hupanda hadi sehemu dhaifu kuliko zote iachie. Kwa hiyo ufa unaweza kutokea chini ya sinki, mita mbili kutoka kwenye barafu yenyewe. Hapa tunapata agizo la kwanza la vitendo, tena halina gharama: ukimaliza kumwaga maji, ziache koki zote wazi, za moto na za baridi, na uziache hivyo hadi majira ya kuchipua.

Mabomba ya kisasa ya plastiki inayonyumbuka yanaweza kutanuka kidogo bila kupasuka, na hilo huwapa watu matumaini ya uongo. Viungo vyake havinyumbuki. Vichwa vya pampu, vikombe vya vichujio, vali za shaba na koki za shawa ndivyo vinavyokufa kwanza, na ndivyo vyenye bei.

Chora njia za maji kwanza

Kabla ya kushika spana, chukua karatasi. Boti ya futi 25 au 30 ina mizunguko kadhaa ya maji isiyohusiana: maji safi ya kunywa na kuogea, maji ya choo, maji yanayokusanyika chini kabisa, katika ngama, na maji ya ziwani yanayovutwa kuipoza injini. Baadhi ya boti zina pia kiyoyozi kinachopozwa kwa maji ya nje, mashine ya kutengeneza barafu, au pampu ya kuoshea sitaha.

Fuata kila mzunguko kwa mkono na tochi. Anzia maji yanapoingilia, pita tanki, kichujio, pampu, vali, hadi yanapotokea. Chora mstari, na weka alama kila mahali mpira unapolegea ukafanya tumbo, maana tumboni humo maji hubaki hata baada ya kila kitu kuonekana kikavu. Weka alama pia kwenye vali zisizorudisha maji nyuma, kwa kuwa nazo huzuia bomba lisijimwage lenyewe.

Ikiwa boti ni ya mtumba, usiutegemee mchoro wa kiwandani peke yake. Mwenye boti wa zamani huenda aliongeza shawa ya nyuma kwa ajili ya watoto wanaotoka kuogelea, au alihamisha pampu. Mchoro wako mwenyewe, ukiutunza ndani ya bahasha ya plastiki, utaifanya kazi ya mwaka ujao iwe nyepesi.

Dawa ya waridi na mipaka yake

Dukani utakuta madumu ya galoni moja, yaani karibu lita 3.8, ya kimiminika cha rangi ya waridi kinachoitwa antifrizi ya boti na magari ya kambi. Kiungo kinachotakiwa ni propilini glaikoli, ambayo haina sumu kwa kiwango kinachotumika humu na huweza kupita katika mabomba ya maji ya kunywa. Iko antifrizi nyingine, ile ya rejeta za magari, ambayo mara nyingi huwa ya ethilini glaikoli. Hiyo ni sumu, tena ina utamu unaowavutia mbwa, paka na watoto. Isiingie kamwe katika mfumo wa maji ya kunywa, katika choo, wala mahali popote inapoweza kumwagika ziwani.

Soma kibandiko vizuri. Madumu mengi huandikwa −50 kwa Farenhaiti, sawa na −46 za Selsiasi, na mnunuzi hudhani dawa haitaganda hadi hapo. Namba hiyo inahusu kupasuka kwa bomba. Dawa yenyewe huanza kuwa rojo la barafu mapema zaidi, karibu na −12 za Selsiasi, ila rojo hilo ni laini na halisukumi kuta za bomba kama barafu ngumu. Tena kinga hiyo ni ya dawa ambayo haijachanganyika na maji. Ukiimimina katika tanki lenye maji yaliyobaki, ikawa nusu kwa nusu, umepoteza sehemu kubwa ya kinga uliyoinunua, ingawa rangi bado inaonekana waridi. Rangi si kipimo. Kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia kwa tone moja, refraktometa, chenye mistari ya propilini glaikoli. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na pampu mpya. Kwa walio kaskazini sana, ambako Januari huweza kushuka chini ya −30, ni busara kununua dawa ya daraja la juu zaidi, inayoandikwa −100 kwa Farenhaiti, ili kuwe na akiba hata ikichanganyika kidogo.

Angalia pia kama dawa imetiwa alkoholi. Aina hizo ni rahisi kwa bei, lakini alkoholi inaweza kuwaka, na hukausha mpira wa sili, hasa ndani ya choo. Tofauti ya dola chache haifai kukugharimu pampu nzima.

Maji ya kunywa na ya kuogea

Anza na umeme. Zima swichi ya hita ya maji kabla ya jambo jingine lolote, na uweke kibandiko juu yake. Elementi ya hita ikiwashwa bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Iache hita ipoe, maana maji yake yanaweza kukuunguza.

Sasa fungua koki zote na uiache pampu ilimalize tanki. Pampu ikianza kukohoa hewa, izime. Kisha nenda kwenye hita, fungua koki yake ya chini ya kumwagia, na uinue kile kipini cha vali ya usalama juu ili hewa iingie. Bila hewa kuingia, maji hayatoki yote. Fanya hivyo pia kwa lile tanki dogo la kutuliza presha, kama lipo karibu na pampu.

Hita haihitaji kujazwa antifrizi. Ikishamwagwa ikawa tupu imetosha. Hita ya kawaida ya galoni 6, yaani karibu lita 23, ikijazwa dawa itameza madumu sita bure, na majira ya kuchipua utaisuuza siku nzima kuondoa ladha. Kwa hiyo iruke: boti nyingi zina vali za kuipitia pembeni, na zisizo nazo unaweza kuunganisha mpira wa maji baridi unaoingia hita na ule wa moto unaotoka kwa kiungo kifupi. Hakikisha umeiruka kweli kabla ya kupampu.

Toa vichujio vya ladha na vya kaboni uvitupe. Dawa huviharibu, navyo hushika maji. Safisha kikombe cha kichujio kilicho mbele ya pampu. Halafu, badala ya kumimina dawa katika tanki kubwa, toa mpira wa pampu unaotoka tankini uutumbukize moja kwa moja ndani ya dumu la antifrizi. Njia hii hutumia dawa kidogo, na dawa haikutani na maji yaliyobaki kwenye pembe za tanki. Tanki lenyewe, likiwa tupu na vifuniko vimelegezwa, halina hatari, kwa sababu kijimaji kilichobaki kina nafasi kubwa ya kutanukia.

Washa pampu, uende kwenye koki iliyo mbali zaidi. Fungua ya baridi hadi waridi itoke nzito, isiyopauka, kisha ifunge. Fungua ya moto hivyo hivyo. Rudi ukifuata mchoro, koki moja baada ya nyingine. Acha dawa kidogo iingie katika bomba la kutolea maji ya kila sinki, na katika kisanduku cha maji ya shawa pamoja na pampu yake. Kuna sehemu zinazosahaulika karibu kila boti: shawa ya nyuma iliyofichwa chini ya kifuniko, tundu la kuunganishia maji ya gatini, bomba la kuoshea sitaha, na mpira mwembamba wa mashine ya barafu. Zipitie kwa mchoro, usizipitie kwa kumbukumbu. Mwisho zima pampu na ufungue koki zote.

Wengine hupenda kupuliza mabomba kwa kompresa. Inasaidia, mradi presha isizidi kama pauni 30 kwa inchi ya mraba, yaani baa mbili hivi, na koki moja iwe wazi wakati wote. Zaidi ya hapo utavunja viungo mwenyewe kabla ya baridi kuvivunja. Tambua kuwa hewa hupita juu ya maji yaliyotulia katika matumbo ya mpira na kuyaacha palepale. Upulizaji hupunguza maji, kisha dawa hukamilisha.

Choo

Kazi ya choo huanza mapema kuliko nyingine, kwa sababu inategemea kituo cha kunyonyea maji taka, na vituo hivyo navyo hufungwa kabla ya baridi. Ni marufuku kumwaga kinyesi kisichosafishwa katika Maziwa Makuu ya huko, upande wa Marekani na wa Kanada pia. Peleka boti kituoni wakati kingali wazi, tanki linyonywe, litiwe maji safi, linyonywe tena. Tanki likiachwa na uchafu, si barafu tu itakayokusumbua. Uvundo wa Mei una kumbukumbu ndefu.

Kosa linalofanywa sana ni kumimina dawa ndani ya bakuli, kupampu mara mbili tatu, na kudhani choo kimekingwa. Kilichokingwa ni njia ya kutokea tu. Choo kinachovuta maji ya nje kina mpira wa kuingizia, na upande mmoja wa pampu bado umejaa maji ya ziwa. Funga koki ya chini inayoleta maji chooni, toa mpira wake, utumbukize ndani ya dumu la dawa, kisha pampu hadi waridi izunguke kwenye ukingo wa bakuli na kupita kuelekea tankini. Endelea mpaka dawa iwe imepita kile kipinda cha juu chenye tundu la hewa, vali ya kuchagulia njia, na pampu ya kusaga kama ipo. Bakiza dawa kidogo ndani ya tanki. Ikiwa choo chako hutumia maji safi ya tankini, basi hupata dawa pamoja na mfumo ule wa kwanza. Bonyeza tu kitufe hadi rangi ionekane.

Ngama, nguruzi na koki za chini

Boti ikishapandishwa nchi kavu, chomoa nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, na uinue kidogo upande wa mbele ili maji yote yatiririke nyuma. Minnesota hili si hiari: sheria ya jimbo inataka vizibo vichomolewe na maji yamwagwe kabla boti haijaondoka kwenye gati, na ibaki hivyo barabarani, kuzuia kusambaa kwa kome milia na viumbe vingine vamizi. Kome hao waligunduliwa katika Maziwa Makuu mwaka 1988, na tangu hapo wamekuwa wakisafiri kutoka ziwa hadi ziwa ndani ya maji ya boti za watu. Weka nguruzi ndani ya mfuko, uufunge kwenye usukani, usije ukaisahau wakati wa kurudi majini.

Kausha ngama kwa sponji, pamoja na vyumba vidogo ambavyo maji hujibana bila kufika kwenye pampu. Mimina dawa kidogo na uiwashe pampu ya ngama kwa muda mfupi, ili mpira wake uliojikunja nao upate kinga.

Koki za chini, zile zinazopitisha maji kupitia mwili wa boti, zina mtego wao. Nyingi zina tufe lenye tundu katikati; ukiifunga koki, maji hubaki yamefungiwa ndani ya tufe hilo, na barafu inaweza kulipasua tumbo la koki pasipo dalili yoyote kwa nje. Boti ikiwa nchi kavu, zifungue na kuzifunga mara kadhaa hadi maji yaishe, kisha uziache wazi. Koki iliyopasuka haikuonyi mpaka boti imerudi majini, na tundu lake liko chini ya usawa wa maji.

Injini

Mafuta na betri ni somo la siku nyingine. Hapa tushughulike na maji yake tu.

Injini ya kupachika nyuma ndiyo rahisi kuliko zote. Ukiisimamisha wima nje ya maji, njia zake za kupozea hujimwaga zenyewe. Isihifadhiwe imeinamishwa, maana maji ya mvua hujaa kwenye propela na kuganda. Fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia uyatazame mafuta yake: yakiwa yamegeuka meupe, maji yameingia, na maji hayo yanaweza kulipasua sanduku lenyewe. Badilisha mafuta na sili kabla ya baridi.

Injini za ndani zinahitaji uangalifu zaidi. Baadhi hupozwa moja kwa moja kwa maji ya ziwa, ambayo hupita ndani ya bloku la chuma. Nyingine zina mzunguko wa ndani wenye kulanti, na mzunguko wa nje wenye maji ya ziwa. Mizunguko hiyo miwili hukutana katika kibadilisha joto bila kuchanganyika. Pima kulanti ya mzunguko wa ndani kama unavyopima ya gari: mchanganyiko wa nusu kulanti, nusu maji hulinda hadi karibu −37 za Selsiasi. Usidhani ukishafanya hivyo umemaliza, kwa kuwa mzunguko wa nje, yaani kichujio, pampu ya impela, kibadilisha joto na bomba la ekzosi, bado umejaa maji ya ziwa.

Kwa injini inayopozwa kwa maji ya ziwa pekee, fungua vizibo vya kumwagia vya bloku na vya manifoldi za ekzosi. Yasipotoka maji, usifurahi. Kutu na mchanga huziba matundu hayo; ingiza waya uchokonoe hadi maji yatoke. Hapo ndipo mabloku mengi hupotelea: mtu alifungua kizibo, hakuona tone, akaamini hakuna kitu.

Ukitaka kupitisha dawa kwa kuwasha injini, kumbuka kazi ya themostati. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ya bloku, na dawa huzunguka pembeni ikatokea kwenye ekzosi ikiwa waridi safi huku bloku lingali na maji. Ama ipashe injini moto kwanza kwa maji ya bomba, kisha uipe dawa. Ama, lililo salama zaidi, mwaga bloku lote kwanza. Usiiwashe kavu hata kwa dakika moja, maana impela ya mpira huungua kwa kukosa maji. Watu wengi huitoa impela kabisa msimu wa baridi, ili mapezi yake yasikae yamepinda miezi sita.

Boti inayobaki majini, na baridi ya mara mojamoja

Wako wanaoziacha boti majini mwaka mzima, kwa kuwa baridi ya kwao si kali au nafasi nchi kavu hakuna. Kwao koki zote za chini zifungwe, baada ya mipira kutiwa dawa kutoka ndani. Theluji ikilundikana sitahani huikandamiza boti, na matundu yaliyokuwa juu ya maji hujikuta chini yake. Boti kadhaa huzama gatini kila msimu wa baridi kwa njia hiyo. Mtu wa karibu awe anapita kuifagia. Maji ya chumvi nayo hayatoi kinga ya maana: huganda karibu na −1.9 za Selsiasi, na maji yaliyo katika tanki lako si ya chumvi hata hivyo.

Hita ndogo ya umeme iliyoachwa chumbani isiwe tegemeo lako. Usiku wa dhoruba, umeme hukatika wakati uleule baridi inapozidi, na hita isiyo na mwangalizi ni hatari ya moto.

Wanaoishi kusini wasijione wameokoka. Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas; Houston ilishuka hadi karibu −10 za Selsiasi, umeme ukakatika, na mabomba yakapasuka katika nyumba nyingi. Boti za huko zina mabomba yaleyale, ila wenyewe hawana mazoea ya kuyamwaga. Penye baridi ya mara mojamoja, jifunze angalau mambo matatu ya haraka: kuimwaga hita, kulimwaga bloku la injini, na kufungua koki zote. Ni kazi ya mchana mmoja utabiri ukibadilika.

Fundi, bima na daftari

Kazi ya maji safi na ya choo mtu mwangalifu anaiweza peke yake. Injini ya ndani, mwaka wa kwanza, mlipe fundi, lakini simama naye utazame anapofungua kila kizibo. Soma mkataba wa bima yako: baadhi ya mikataba hailipi hasara ya barafu, au hulipa pale tu unapoonyesha kwamba boti iliandaliwa ipasavyo. Tunza risiti ya fundi na ya madumu, na upige picha za waridi ikitoka katika kila koki.

Wengi wetu Desemba tunapanda ndege kwenda nyumbani, Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, na hatuwezi kumpigia jirani simu usiku wa manane akaangalie boti. Sababu hiyo peke yake inatosha kuifanya kazi iishe kabisa Oktoba, bila kiporo. Andika daftarini tarehe, kiasi cha dawa, koki zilizoachwa wazi, na swichi zisizotakiwa kuguswa. Ukiiuza boti, kabidhi daftari pamoja na mchoro.

Kurudi majini

Majira ya kuchipua, rudisha vizibo vyote na uvikaze ukiwa na daftari mkononi, nguruzi ikiwa ya kwanza. Funga koki, tia maji safi, yapitishe hadi waridi na povu viishe. Kisha ua vijidudu kwa kiasi kidogo cha klorini ya kufulia isiyo na harufu, iache saa kadhaa, isuuze vizuri, na weka vichujio vipya. Hita irudishwe katika mzunguko wake, na isiwashwe mpaka koki ya moto imetoa maji mfululizo bila hewa.

Sasa funga kila koki, washa pampu na utulie. Itanguruma, itajenga presha, kisha inapaswa kunyamaza. Ikinyamaza na kubaki kimya kwa robo saa, mabomba yako yamevuka salama. Ikishtuka kila baada ya dakika chache na hakuna aliyefungua maji, upo ufa mahali fulani. Chukua mchoro na tochi uutafute siku hiyohiyo, boti ikiwa bado juu ya trela.